Kesi ya pamoja ya majeraha ya ubongo ikiondolewa mahakamani, wachezaji wengine wanabaki wapi?

Prop_Mstaafu: Wandugu, habari za jioni. Nilicheza raga ya klabu hapa Nairobi, na mwenzangu niliyesukuma naye skramu sasa hawezi kusoma ukurasa mmoja wa gazeti bila kichwa kumuuma. Tumekuwa tukifuatilia kesi za pamoja, yaani zile ambazo mmoja hushtaki kwa niaba ya wengi, ambazo wachezaji wa ng'ambo wamefungua dhidi ya ligi zao kwa sababu ya mtikisiko wa ubongo, na kinachotutatiza ni kwamba baadhi ya walalamishi huomba kuziondoa kabla hazijaamuliwa. Je, wale ambao majina yao hayamo kwenye hati ya madai hupoteza haki yao?

Wakili_UpperHill: Ndugu yangu, haki haipotei siku hiyo, ila muda huanza kuwakimbia. Katika jimbo la Ontario, Kanada, sheria ya mwaka 1992 hairuhusu kesi ya namna hii kuondolewa bila idhini ya mahakama, kwa kuwa mlalamishi anawasemea watu ambao hawapo mbele ya jaji. Ikishaondolewa, ukomo wa muda wa kufungua kesi uliokuwa umesimamishwa kwa ajili yao huanza kuhesabiwa tena. Kwetu, Amri ya 25 ya Kanuni za mwaka 2010 za kesi za madai humruhusu mdai kuiondoa kesi yake kwa notisi ya maandishi kabla haijapangiwa kusikilizwa, na baada ya hapo huhitaji maafikiano ya pande zote au idhini ya mahakama. Dai la uzembe lina miaka 3 tu ya kufunguliwa, ingawa mahakama inaweza kuongeza muda pale mwathiriwa alipokuwa hajui ukweli wa msingi kuhusu jeraha lake. Kwa hiyo asikae mtu akitegemea kesi ya mwenzake.

Mama_Fullback: Kuondoa kesi si lazima kuwe kushindwa. Wachezaji wa NHL, ligi ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, walinyimwa idhini ya kushtaki kama kundi mwaka 2018, kwa sehemu kwa sababu sheria za majimbo yao zilitofautiana, kisha mwaka huohuo wakafikia suluhu ya dola milioni 18.9 bila ligi kukiri kosa. Kiasi hicho ni kidogo mno kwa mtu anayepoteza kumbukumbu, na inaniuma kusema hivyo.

Prop_Mstaafu: Asanteni sana. Wakili, tarehe ya kuanza kuhesabu ni ile ya kugongwa uwanjani, au ile daktari alipomwandikia ripoti? Ripoti yake ni ya mwaka jana.

Wakili_UpperHill: Kwa kawaida ni ya kugongwa. Hiyo ripoti ndiyo mtakayoitumia kuomba nyongeza ya muda, kwa hiyo mwoneni wakili wiki hii.