Naomba ushauri: majivu ya marehemu baba, Haridwar au baharini?

Habari zenu wanajamvi. Baba alifariki hapa Dar, mwili ukachomwa kwa taratibu zetu za Kihindu. Majivu yamo kwenye chungu kidogo kilichofungwa kitambaa chekundu. Aliusia yatiwe mto Ganga kule India, pale mji mtakatifu wa Haridwar, ambako makuhani huandika nasaba za koo kwenye madaftari marefu kwa kufuata kijiji cha asili. Chetu kiko Kutch, Gujarat.

Mama anataka tumalizie hapahapa baharini. Nauli nayo si mchezo. Pandit wetu (kuhani wa hapa) kasema maji ni mamoja, jibu zuri ila kaka hajaridhika.

Mliokwisha kwenda: kuhani wa ukoo mlimpataje bila kujua jina lake? Na kuyagawa, mengine bahari mengine Ganga, kunakubalika?