Wazo la fundi mwenzangu wa kike nimesifiwa mimi, nalirudishaje?

Fundi_Zamu_B:
Wakuu habari za kazi. Mimi ni fundi umeme kiwandani hapa Dar, mwaka wa sita sasa. Zamu yetu tuko saba, mmoja ni dada, ana miaka minne kazini na kazi anaijua.

Jumanne usiku mota ya konveya iligoma, inanguruma tu haizunguki, ovalodi (kinga ya mota) inakata. Inchaji akasema mota imeungua tuishushe, na kushusha ile mota ni shughuli maana giaboksi lazima litoke kwanza. Yule dada akasema, na nilimsikia kabisa, tupime kontakta kwanza (ile swichi inayopeleka umeme kwenye mota), inawezekana feizi moja, yaani moja ya njia tatu za umeme, haifiki. Hakuna aliyegeuka. Akarudia. Inchaji akamwambia chukua daftari uandike mashine imesimama saa ngapi, sisi tukaendelea kupambana na bolti. Zimepita kama dakika 40 ndo nikachukua mita nikaenda kwenye paneli, upande wa kuingia kwenye kontakta feizi zote 3 zipo, upande wa kutoka 2 tu, nikaifungua nikakuta kontakti moja ya ndani imeungua nyeusi tii. Tukabadilisha, mashine ikaondoka. Inchaji akanipiga mgongoni mbele ya wote, "huyu ndo fundi sasa", na asubuhi kwenye kikao meneja naye akanishukuru. Nikanyamaza. Dada alikuwa amesimama mlangoni na lile daftari mkononi.

Tangu siku hiyo sina amani. Nifanyeje, nimfuate pembeni nimuombe radhi au nifanye nini? Sitaki nimharibie zaidi.

Mama_Spana:
Kaka asante kwa kuuliza. Mimi nimekuwa huyo dada, nina miaka 11 viwandani, na sifa yenyewe wala siyo iliyokuwa inaniuma, iliniuma kwamba ilifika mahali nikawa naona tatizo nanyamaza, maana nikisema ni kama nimeongea na ukuta.

Radhi muombe, ila isiishie pembeni. Umesifiwa mbele za watu, rudisha mbele za watu, kikao kile kile. Mwambie kabla asije akashtukizwa, kama hataki usimlazimishe maana maneno yakigeuka atakayeandamwa ni yeye siyo wewe. Akikubali usipige hotuba, sema lile la Jumanne alilisema fulani kabla hatujagusa mota, mimi nilikwenda kupima alichosema yeye. Basi.

Na hilo daftari liwekeeni zamu, tafadhali sana. Mimi nililishika mwaka mzima eti kwa sababu mwandiko wangu mzuri. Anayeshika mita kila siku anajifunza, anayeshika daftari anabaki pale pale, halafu zikija nafasi za kupanda wanasema huyu hana uzoefu wa kutosha. Uzoefu angeupata wapi wakati kila mashine ikisimama yeye anatafuta kalamu?

Mzee_wa_Saiti:
Mnakuza mambo. Kazini kuna kelele na presha, hata mimi nikiwa kijana nilipuuzwa sana tu na sikulia. Tukianza kuhesabu nani alitangulia kusema nini kazi haitafanyika. Dada akitaka kusikika apaze sauti.

Mama_Spana:
Shikamoo mzee wangu. Wewe ulipuuzwa ukiwa mgeni, ukazoeleka ukaanza kusikilizwa. Yeye ana miaka minne pale, ugeni utamwisha lini? Na kupaza sauti nimeshajaribu mzee, mwanaume akifoka anaitwa msimamizi, mimi nikifoka nikaulizwa nyumbani kuna shida gani. Halafu tuache hata mambo ya mwanamke, zile dakika 40 mashine imelala bure ni hasara ya nani?

Kitengo_cha_Ajira:
Nafanya kazi upande wa rasilimali watu, naongezea kidogo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kazini kwa jinsia, ujauzito, hali ya ndoa, hata majukumu ya familia. Lakini huyo dada akienda kulalamika ataulizwa ushahidi uko wapi, na mara nyingi ushahidi ni makaratasi yenu wenyewe. Mtoa mada, ripoti ya usiku ule jina la aliyegundua tatizo ni la nani? Kama ni lako, hapo ndo pa kuanzia, kaombe irekebishwe, maana tathmini ya mwaka inasomwa humo humo na kikao watu watakisahau.

Kingine angalieni wanaorudi uzazi. Siku 84 za likizo wanapewa (mapacha ni 100), akirudi anapelekwa stoo "apumzike kidogo", hakuna aliyemuuliza kama anataka kupumzika, mwaka unapita hajagusa paneli.

Baba_Mapacha_254:
Niko Nairobi. Hapa baba anapewa wiki 2 kwa sheria ya 2007, nasikia huko Bongo ni siku 3. Wangu walipozaliwa nilichukua zote, supavaiza akaniuliza kama ni mimi nimejifungua. Niliumia lakini nilikaa nyumbani nikaosha nepi, na mwaka uliofuata wenzangu wawili wakaomba zao bila kuogopa. Mradi sisi wanaume tunaona aibu kuchukua hizo siku, bosi ataendelea kuona mtoto ni mzigo wa mama peke yake, na ataogopa kuajiri wasichana. Kwa hivyo bro sema tu, na wale vijana wa zamu yako watakuona.

Fundi_Zamu_B:
Nimerudi wakuu. Ripoti kweli ilikuwa na jina langu, nimeongea na inchaji, hakufurahi ila imebadilishwa. Dada nilimwambia kabla, akakaa kimya kidogo akasema sema tu, ila usiseme kwamba nilinung'unika, kwa sababu sikunung'unika. Leo asubuhi nimesema kwenye kikao. Meneja akamgeukia akamuuliza alijuaje ni feizi, naye akaeleza ule mngurumo wa mota ulivyokuwa, dakika kama 3 hivi, na hakuna aliyemkatiza.

Daftari la leo nimeshika mimi. Kesho sijajua nani atakubali, wawili wameshaanza kuguna.