Treni ya saa tisa usiku inatuamsha nyumba nzima, wao wananiletea karatasi ya "wastani"

Wakuu, usingizi umeshakata, acha niandike.

Nyumba yangu imepakana na reli kwa nyuma, mbele kuna barabara ya malori. Asije mtu hapa na "si ungehama". Nilipohamia barabara ilikuwa ya njia mbili, leo ni nne. Treni za mizigo zilikuwa zinapita mchana, leo zinapita tumelala. Mimi niko palepale.

Nimelalamika kwa wahusika mpaka wakaja vijana wawili, wakafunga kipaza sauti cha kupimia kelele kwenye nguzo, wakaenda zao. Majibu yakaja: wastani wa kelele wa saa 24 uko ndani ya kiwango. Basi.

Huo wastani ndio ulionipandisha hasira. Fanya hesabu na mimi. Treni moja inafika dirishani na desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 90, inapita kwa sekunde 20. Zitandaze hizo sekunde 20 kwenye saa 24 ambazo zilizobaki zote ni kimya kitupu, unapata desibeli 54 hivi (wastani wa desibeli hupigwa kwa nguvu ya sauti, si kwa kugawanya kwa kawaida). Kwenye karatasi hapo ni mtaa wa watu wastaarabu. Lakini mimi niliamka saa tisa kasorobo moyo unadunda kama nimefukuzwa, mtoto akaanza kulia, na hakuna aliyepata usingizi tena mpaka kukacha. Kuna mtu anaamshwa na wastani?

Na siyo kwamba kipimo cha usiku hakijulikani. Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2018 kwa kanda ya Ulaya, limeutenga usiku peke yake: desibeli 45 kwa barabara, 44 kwa reli, zikipimwa nje ya nyumba. Hata hesabu yao ya siku nzima inaongeza desibeli 5 kwa kelele za jioni na 10 kwa za usiku, kwa sababu kila mtu anajua kelele ya saa nane usiku si sawa na ya saa nane mchana. Kila mtu isipokuwa walionijibu.

Halafu ushauri wao sasa: weka vioo viwili, funga dirisha. Yaani anayepiga kelele hagharamiki, anayesikia ndiye anunue vioo na ajifungie kama kuku. Wakatupandia na miti. Safu moja ya miti! Sauti inapita kwenye majani kama hakuna kitu. Ukuta unasaidia kama ni mzima, hauna mianya, na ni mrefu kiasi kwamba ukiwa dirishani huoni magurudumu. Miti ni ya kuzuia macho tu.

Tiba iko kwenye chombo chenyewe. Ngurumo kubwa ya treni ya mizigo ikiwa kwenye mwendo ni gurudumu na reli. Breki za zamani zinabana gurudumu kwa kipande cha chuma, uso wa gurudumu unaparuzika, na gurudumu lililoparuzika likipita juu ya reli linanguruma. Ukibadilisha kile kipande ukaweka cha mchanganyiko usio chuma tupu, kelele inaweza kushuka hadi desibeli 10, na sikio linasikia kama imepungua nusu. Uswisi na Ujerumani walishayapiga marufuku mabehewa yenye breki za kelele tangu 2020. Reli nazo zinasagwa zikawa laini. Kwenye treni yangu ya usiku kuna behewa moja karibu na mkiani lenye gurudumu lililolika upande mmoja, ta-ta-ta-ta-ta, nalijua kama ninavyojua mlango wangu. Mimi nalisikia nikiwa kitandani, fundi wao halisikii?

Barabarani ndiyo vichekesho. Mbele ya geti langu kuna mfuniko wa chemba umelegea. Gari dogo: ko-ko. Lori la ekseli sita, hesabu mwenyewe. Watu wa barabara wanasema chemba ni ya watu wa maji. Watu wa maji wanasema barabara si yao. Nikakata tyubu kuukuu, nikatandika vipande chini ya mfuniko, tukalala siku kumi na moja. Ya kumi na mbili wakaja kuzibua, vipande vyangu wakavitupa. Ko-ko.

Wanaosubiri magari ya umeme yatuokoe, poleni. Gari dogo likishavuka kilomita 40 au 50 kwa saa, kinachosikika zaidi ni tairi kwenye lami, injini iwe ya nini. Kushusha mwendo kutoka 50 mpaka 30 kunaondoa kama desibeli 3, sawasawa na kuondoa nusu ya magari yote barabarani. Ni vibao na usimamizi tu, maana tuta walilotuwekea lori tupu likiliruka tela linalia kama mabati yanaanguka.

Pikipiki zilizotobolewa ekzosi sizigusi leo, nitapandwa presha.

Ninachotaka: kuna yeyote hapa aliyefanikiwa kupimiwa usiku peke yake, treni moja moja, bila kuchanganyiwa na mchana? Barua uliiandikia nani, uliandikaje, na walikuja na mashine saa ngapi?