Tupeane uzoefu: Mlivuka bahari na watoto, mkakuta nini huko visiwani?

Mama Kulwa
Naanza mimi. Julai iliyopita tulipanda boti Dar kwenda Zanzibar, baba watoto, mimi na pacha wetu wa miaka tisa. Nia ilikuwa kuogelea Paje, basi. Mwenye nyumba tuliyopanga akatuambia, "Kesho Mwaka, njooni Makunduchi kwa mama yangu." Mimi nikawaza, mwaka gani Julai? Kumbe Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya wa Kishirazi.

Tulipofika uwanjani, watu wazima wanatandikana kwa migomba! Si utani, mgomba unapasuka mgongoni. Wanawake pembeni wamependeza kwelikweli, wanaimba nyimbo za mafumbo, na mengine niliyaelewa nikaona haya mbele ya watoto. Baadaye kibanda cha makuti kikawashwa moto. Dotto akaanza kulia: "Mama, wanachoma nyumba ya watu!" Mzee mmoja akacheka, akamwelezea kwamba ugomvi wa mwaka mzima unamalizwa pale pale, kila mtu anarudi kwake moyo mweupe. Kwa mama yule tulikula hadi tukashindwa kusimama. Kule siku hiyo kukosa mgeni nyumbani si jambo zuri, kwa hiyo tukawa kama tumewasaidia, hahaha.

Shida ilikuwa nyumbani Mwanza. Wiki nzima pacha wananiomba migomba.

Mkurya wa Tarime
Mimi Forodhani, pale Zanzibar wanapouza vyakula jioni, niliulizia ugali. Muuzaji akanitazama kwa huruma, akanipa urojo, ule mchuzi wao mzito wa bajia na viazi. Mke wangu hajaacha kunitania hadi leo.

Baba Njeri
Sisi tulitoka Nairobi tukaenda Lamu. Kijana wangu aliuliza stendi ya matatu iko wapi, akaonyeshwa punda. Jioni wazee wa barazani wakatuita, "Karibuni kahawa." Akainywa kwa pupa akidhani ni chai, uso ukakunjamana. Mzee akamsogezea halua bila kusema neno.

Shangazi Rehema
Pemba, msimu wa karafuu. Zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, gari zima linanukia. Wanangu walidhani makonyo, yale vijiti vya karafuu, ni takataka, wakaanza kuyachezea. Dereva akawazuia: nayo yana bei, yanakamuliwa mafuta.

Mama Neema
Yangu ni ya aibu. Binti yangu wa miaka kumi na minne alitembea Mji Mkongwe na kaptura. Sikufikiria. Bibi mmoja akatoka kibarazani na kipande cha kanga: "Mwanangu, jitande hii, jua kali." Hakutusema hata kidogo, jua ndilo lililosingiziwa. Kesho yake tukairudisha imefuliwa. Akakataa, akaingia ndani akatoka na kipande cha pili. "Kanga ni doti. Mkichukua moja mnaniachia yatima."

Binti analala nayo. Sasa ananisumbua twende tena, na safari hii amemnunulia bibi doti yake. Jina la kanga kachagua mwenyewe, hataki nilione.