Tupeane uzoefu: hadithi ya nyota iliyokutoa nje usiku, na ulichokiona

Mleta mada
Habari zenu wakuu. Tukusanye hapa hadithi za anga zenye msimu wake: nyota zinazopotea na kurudi, vimondo vya kila mwaka, kupatwa kwa mwezi. Usiishie kwenye "nilisikia". Tuambie ulipotoka kutazama uliona nini.

Naanza. Wahenga walisema: "Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua; kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua." Msemo huu ndio ulionifanya nikifuatilie kile kishada cha nyota chenyewe. Mwishoni mwa Aprili, giza likiingia, kinakuwa chini kabisa upande wa magharibi. Kila jioni kinashuka zaidi, mpaka siku unatafuta hukioni, kwa sababu jua limefika upande wake. Juni kinachomoza mashariki alfajiri. Wagiriki wa kale nao walisema hujificha siku 40. Nyota hazileti mvua, lakini waliotunga msemo ule walikuwa wakitazama kwa makini mno, mwaka hadi mwaka, na mimi nawaheshimu kwa hilo.

Nyota_ya_Jaha
Asante kwa uzi, mkuu. Yangu inaanzia hapohapo kwenye kilimia, ila ni ya Wanama wa Namibia na Afrika Kusini.

Kwao zile nyota ni wake wa mtu mmoja. Siku moja wakamwambia mume wao: nenda katupigie wale pundamilia watatu, na usirudi mikono mitupu. Akaenda na mshale mmoja tu. Akapiga, akakosa, mshale ukaangukia mbele. Kwenda kuuokota hawezi, maana upande wa pili kuna simba anayewavizia pundamilia haohao. Kurudi nyumbani hawezi, wake watamlaani. Basi amekaa palepale, ana njaa, na baridi inampiga.

Niliisoma Desemba, nikatoka usiku uleule. Yote yapo! Pundamilia ni zile nyota tatu zilizopanga mstari, mkanda wa kundi la nyota la Orioni. Mshale ni vinyota vilivyojipanga karibu na mkanda. Simba ni Betelgeuse, ile nyekundu. Na mume ni Aldebaran, nyota ya rangi ya chungwa iliyo kati ya wakeze na mawindo. Nilisimama pale namwonea huruma mtu ambaye ni nyota. Kinachonigusa ni kwamba mtunzi hakuweka kitu ambacho hakipo angani. Hata kukwama kwake ni kweli, kwa kuwa nyota hizo hazisogeleani wala haziachani.

Mkesha wa Agosti
Wengi wetu tulifundishwa kuwa kimondo ni mwenge wa moto anaorushiwa shetani asisikilize habari za mbinguni. Kwa Wakatoliki, hasa Italia, vimondo vya Agosti ni machozi ya Mtakatifu Laurenti, shahidi aliyeuawa Roma mwaka 258, kwa sababu sikukuu yake ni tarehe 10 na vimondo hufikia kilele usiku wa tarehe 12 kuamkia 13 hivi. Ni vumbi la nyota-mkia iitwayo Swift-Tuttle. Ushauri wangu: toka baada ya saa sita usiku, simu iache ndani.

Msomaji tu
Samahani, kupatwa kwa mwezi kuna msimu kweli?

Mleta mada
Kuna, ndugu yangu. Kila baada ya miezi 6 hivi jua, dunia na mwezi hukaribia kukaa kwenye mstari mmoja, na ndipo kupatwa kunapowezekana. Ule wa tarehe 27 Julai 2018 mwezi ulifunikwa wote kwa dakika 103, nami niliutazama mpaka ukaachiwa. Watu wa mataifa mengi walipiga makelele ili mnyama aliyeumeza autapike. Mimi nawapenda Wabatammaliba wa Togo na Benin: kwao jua na mwezi wanagombana, hivyo binadamu wanapaswa kumaliza ugomvi wao wenyewe ili wawape mfano.

Dada Mwanga
Jamani, mmetaja nyota tu. Wakamilaroi wa Australia husoma giza! Ndani ya Njia ya Maziwa, ule mkanda mweupe wa nyota unaokatiza anga, wanamwona emu, yule ndege mkubwa asiyeruka. Kichwa ni doa jeusi kando ya kundi la nyota la Msalaba wa Kusini, shingo inateremka hadi mwili ulio upande wa kundi la Nge. Aprili na Mei anaonekana anakimbia, ni wakati wa kutafuta mwenza. Juni na Julai ni dume ameatamia mayai, na ndivyo emu wa ardhini wanavyofanya. Nilihitaji mahali pasipo taa kabisa, na ilinichukua muda macho kuzoea. Ukishamwona humpotezi tena.

Nyota_ya_Jaha
Dada, hiyo naitafuta mwaka huu. Nami naongeza ya Wasotho wa kusini mwa Afrika: wanaume walikesha vilimani wakiingojea nyota Naka, yaani Canopus, ichomoze kusini alfajiri baridi inapoanza. Wa kwanza kuiona alizawadiwa ng'ombe.

Msomaji tu
Mimi sijui hata nyota moja. Nianze na ipi?

Mleta mada
Anza na yule mume wa kilimia. Desemba au Januari, saa tatu usiku, tafuta nyota tatu zilizopanga mstari, fuata mstari kuelekea kaskazini-magharibi. Utamkuta Aldebaran kwanza, kisha kilimia. Ukishaona, rudi hapa utuambie.