Mtoto wa dada yangu anataka kugombea ujaji Ohio

MamaWete:
Asalaam aleykum wanabaraza. Niko Wete, Pemba. Mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemlea tangu ananyonya, kasomea sheria Marekani na yuko Columbus, Ohio. Huu mwaka wa saba tangu amalize chuo. Juzi kanipigia simu, ataka kugombea ujaji wa mahkama ya mji. Kugombea! Kwetu jaji wa Mahkama Kuu anateuliwa na Rais kwa ushauri wa Tume ya Utumishi wa Mahkama; kuombewa kura sijapata kusikia. Uraia keshapata. Je, miaka yake yatosha? Na mzaliwa wa Pemba watamkubali? Jamaa tushaanza kuchanga, mimi nimetenga laki tatu za karafuu.

WakiliVuga:
Waaleykum salaam mama. Kuzaliwa Pemba hakumzuii, sharti hilo ni la urais wao. Kwa mahkama za miji za Ohio anatakiwa awe mpiga kura na mkaazi wa eneo la mahkama hiyo, awe na leseni ya uwakili ya Ohio, na awe amefanya kazi ya sheria si chini ya miaka 6, angalau 2 ndani ya Ohio. Akiwa ameshafika miaka 70 siku ya kuanza kazi, hapati. Kipindi ni miaka 6. Muulize hasa tarehe ya leseni, kwani miaka ya kungojea mtihani haihesabiwi. Ila miaka ya kazi inahesabiwa hadi siku anapoanza ujaji, si siku anapochukua fomu.

MzeeMichenzani:
Mimi jaji wa kura simpendi. Atamhukumuje aliyemnadi? Lakini hayo masharti ya miaka nayaunga mkono kwa moyo wote. Baada ya Mapinduzi tulikuwa na Mahkama za Wananchi: mahakimu watatu, kusomea sheria si lazima, na wakili haruhusiwi kuingia. Mtu alijitetea mwenyewe, ajue asijue. Na msidhani Marekani yote ni kama Ohio. New York, hakimu wa mji mdogo anaweza kuchaguliwa bila kuwa mwanasheria.

KhamisColumbus:
Mama, shikamoo. Hizo laki tatu USITUME, tafadhali. Sheria ya Marekani inamkataza mgeni kuchangia uchaguzi wowote, hata wa mji. Anayeruhusiwa ni raia au mwenye ukaazi wa kudumu. Mchango wenu wa mapenzi utamponza kijana. Hata huku mgombea ujaji hapiti kwa mtu mmoja mmoja akiomba pesa, kamati yake ndiyo inayokusanya. Wala haruhusiwi kuahidi kesi fulani ataiamuaje. Mzee Michenzani, hilo nadhani linajibu sehemu ya wasiwasi wako.

MamaWete:
Marahaba mwanangu, Mungu akuweke. Magharibi hii nimepita nyumba kwa nyumba nikarejesha pesa, kila mtu na chake. Shemeji yangu kanuna, akiona nawanyima heshima ya kumsimamia mtoto wao. Nimemwambia bora anune yeye kuliko mtoto apotezewe jina. Kuhusu leseni, kumbe aliipata Novemba, mwaka mmoja na nusu baada ya chuo, na kazi yote kaifanyia hapo hapo Ohio. Leo ana miaka mitano na miezi miwili. Akishinda ataanza Januari ijayo, itakuwa sita na miezi miwili. Wakili, hapo si pametosha?

WakiliVuga:
Pametosha mama. Mwambie aiweke tayari barua ya leseni.