Oili chafu ya injini kwenye tangi la dizeli, kuna aliyejaribu?

Mzee wa Tipa:
Wakuu habari za muda huu. Nina lori la kizamani, injini ya pistoni sita, pampu yake ya dizeli ni ile ya plunja (kijipistoni kinachosukuma dizeli), haina kompyuta wala sensa. Kila nikimwaga oili nabaki na lita kama 25 za oili chafu zinajaa tu kwenye madumu, sasa kuna jamaa ananiambia nichuje kwa kitambaa nichanganye na dizeli nitembee. Inawezekana kweli au ndo naenda kuua injini kwa mikono yangu?

Fundi Nozo:
Kuwaka itawaka mkuu, injini hizo hazichagui sana. Shida ni vile visivyowaka. Humo kuna chembe za chuma, maji, na zile kemikali za oili zenye zinki na kalsiamu, ukizichoma zinabaki majivu na majivu yanaganda kwenye valvu na kwenye ncha ya nozo, ile inayopuliza dizeli ndani ya injini. Kitambaa achana nacho, nafasi kati ya plunja na ala yake, yaani tundu inamochezea, ni maikroni chache tu (maikroni elfu moja ndo milimita moja) na unywele wako una kama 70, sasa kitambaa kitazuia nini hapo? Acha oili itulie kwenye dumu wiki kadhaa, chota ya juu bila kutikisa, pitisha kwenye filta ya maikroni 5 au chini ya hapo, halafu usizidishe lita moja kwa tisa za dizeli.

kijana_wa_pikapu:
Yangu ni komoni reli, ile dizeli ya kisasa ya presha kubwa inayoongozwa na kompyuta, na mimi naweza?

Fundi Nozo:
Usithubutu. Presha inapita baa 1,600 na matundu ya nozo ni kama hayaonekani. Na kama ekzosi ina kichujio cha masizi ndo kabisa, masizi yanaungua majivu hayaungui, kinaziba.

Dereva Mstaafu:
Mimi yalinikuta. Nilichuja vizuri tu ila sikupima maji, kumbe ile oili ilitoka kwenye injini iliyokuwa inachanganya na maji ya rejeta. Lori likaanza kukohoa mlimani, moshi mweupe, kufungua nozo tatu zimevaa gamba jeusi gumu kama mkaa, moja inatiririsha badala ya kupuliza, na pistoni ya hapo imeshaanza kuliwa juu. Siku hizi nadondosha matone mawili kwenye kikaango cha moto, ikitoa sauti ya kupasuka pasuka ina maji, sigusi.

Mzee wa Tipa:
Asanteni wakuu. Na nikiilainisha na petroli kidogo maana ni nzito?

Fundi Nozo:
Hapana mzee. Petroli hailainishi pampu, na mvuke wake kwenye tangi unashika moto kirahisi kuliko wa dizeli. Ikiwa nzito, punguza oili ongeza dizeli, na weka filta ya akiba kwenye gari maana ya kwanza itaziba mapema.